Aje na Sauti Yake

Smithfield, Sydney
Jumapili, 9 Machi 2025

Kwako Gitonga, ndugu yangu,

Natumaini karatasi hii imekukuta umeketi, umekula, na hakuna mteja anayekusumbua kwa bei ya mbolea. Hujambo wewe? Hajambo Shirleen? Watoto nao hawajambo? Yule mkubwa amekubali shule, au bado tumbo linamuuma kila Jumatatu kama lilivyokuwa likimuuma baba yake? Mama yako mpe salamu zangu kwa heshima zote, umwambie ile sweta aliyonifumia bado naitunza, ingawa joto la huku mwezi huu haliruhusu mtu kuvaa hata fulana. Mimi ni mzima wa mwili. Nakula, naenda kazini, narudi. Nyumbani bado tuko wawili, mimi na Moïse, yule Mkongo wa Bukavu anayeendesha lori la makontena kutoka Port Botany. Anapika vizuri kuliko mimi na anaomba kwa sauti kuliko mchungaji, kwa hiyo kwa chakula na kwa sala sijapungukiwa.

Barua hii anakuletea Jacky, Mkenya mwenzangu huku, anayesafiri Ijumaa. Najua utacheka ukiona bahasha, utasema Wekesa amerudi enzi za babu. Lakini wewe na mimi kwenye simu tunajua kazi moja tu, mzaha. Unaniuliza kama nimeshaoa kangaruu, nakuuliza kama umewahi kuudaka mpira hata mmoja tangu tulipotoka bwenini, tunacheka, tunakata. Safari hii nina jambo lisilotaka mzaha. Nimeshalianza mara mbili nikachana karatasi. Hii sitaichana.

Mwaka jana nilikuambia nimepewa mzee wa kumhudumia nyumbani kwake, Wentworthville. Anaitwa Neville. Ana miaka themanini na nne, hakuoa, hana mtoto. Mtu wake wa pekee ni mpwa wa kike anayekaa Newcastle, mwendo wa saa mbili na nusu kwa gari. Moyo wake ni mbovu na magoti ni mabovu zaidi, lakini kichwa chake, Gitonga, kingewaaibisha walimu wetu wote. Kwa miaka arobaini alifundisha chuo kikuu habari za Wagiriki na Warumi wa kale, na somo lake hasa lilikuwa jinsi watu wale walivyopendana. Si vita vyao wala wafalme wao. Mapenzi yao na urafiki wao. Aliponiambia hivyo nilicheka, nikamuuliza kama kweli serikali ilimlipa mtu mzima kwa kazi hiyo. Akasema serikali yenyewe ilikuwa ikijiuliza vivyo hivyo.

Siku ya kwanza nilifika kwake na sentensi zangu za kujitambulisha nimezikariri, kama tulivyofunzwa. Hakunipa nafasi. Alinikalisha jikoni, akanikatia mkate na jibini, akaniamuru nile, na nilipomaliza ndipo akaniuliza jina langu na ninakotoka. Nilidhani amechanganyikiwa. Kumbe ni Wagiriki wake. Alinieleza kwamba kwao mgeni akibisha hodi hulishwa kwanza, na ni aibu kumuuliza jina kabla hajashiba, maana ukishamlisha amekuwa rafiki wa nyumba, yeye na watoto wake na wajukuu wake, hata ikija kujulikana baadaye kwamba anatoka kwa maadui zenu. Nikamwambia basi nyanya yangu wa Kimilili alikuwa Mgiriki. Hilo lilimfurahisha wiki nzima. Nikamweleza pia kuhusu sisi Wabukusu, jinsi tuliotahiriwa msimu mmoja tunavyobaki tumefungana mpaka kaburini. Alitafuta kalamu, akaandika kila neno.

Hivyo ndivyo tulivyoishi, asubuhi nne kwa wiki. Namwogesha, namvalisha, nampa dawa, nafua, na muda wote ananifundisha. Nilijifunza kwamba Wagiriki walikuwa na majina mengi ya mapenzi, na kwamba lile la urafiki hawakuliweka chini ya lile la ndoa. Nilijifunza kwamba Mrumi akiwa safarini alimwandikia rafiki yake barua kwa maneno ambayo sisi tungemwandikia mke tu, tena tukiwa tumemkosea. Mengine kuhusu wanaume wa Kigiriki na vijana wao yalinifanya nitazame dirishani, kwa sababu unajua nilikolelewa na cheo alichokuwa nacho mama kanisani. Neville aliona. Aliniacha nitazame dirisha nikatosheka, kisha akaendelea na habari yake.

Na katika kila habari alikuwepo Alwyn. Huyo alikuwa mwalimu mwenzake, wa Kilatini. Walikutana mwaka 1972. Alwyn alioa, akapata binti, akafiwa na mke. Neville alibaki peke yake. Miaka hamsini na miwili walikula pamoja kila Jumapili na kugombana kila Jumapili, kuhusu sentensi fulani ya mtu aliyekufa miaka elfu mbili iliyopita. Siku moja nikimkata kucha, maana swali la namna ile ni rahisi ukiwa umeinamisha kichwa, nilimuuliza kama wao walikuwa zaidi ya marafiki. Hakukasirika. Alisema watu wamemuuliza hivyo tangu ujana wake, na kila anayeuliza hutumia lile neno, zaidi, na hajawahi kuelewa ni kwa nini. Alimpenda Alwyn kuliko mtu yeyote duniani, akasema, Alwyn alijua, na mke wa Alwyn alijua. Kisha akaniambia niangalie kucha, nisije nikamkata kidole.

Wakiwa na miaka thelathini na kitu walikwenda Roma pamoja. Wakatembea kwenye barabara ya kale yenye makaburi pande zote mbili, wakakuta jiwe la watu wawili waliokuwa watumwa wa bwana mmoja. Waliachiwa huru, mmoja akafa, mwenzake akamzika na kujiachia nafasi pembeni. Hapo Alwyn akataka kusikia tena desturi ambayo Neville alikuwa akiwafundisha wanafunzi. Kwa Warumi, mtu akiwa anakata roho, yule anayempenda kuliko wote huketi karibu, huipokea pumzi yake ya mwisho kwa mdomo, humfumba macho, kisha humwita kwa jina kwa sauti kubwa, tena na tena, ili asiende kama mtu asiye na mwenyewe. Wakaahidiana pale pale juani. Atakayebaki atamwita atakayetangulia. Alwyn akasema basi ni lazima yeye ndiye atangulie, kwa sababu kati yao mwenye sauti ni Neville. Na ni kweli, Gitonga. Mzee yule akiniita kutoka bafuni, jirani huitika.

Matatizo yalianza kabla ya Krismasi. Alwyn alianguka nyumbani kwake, na binti yake akamshawishi ahamie kwake Penrith. Akakubali, ila hakumwambia Neville. Aliogopa kumwumiza. Alimpigia simu kumwarifu siku ambayo vitu vilikuwa tayari vimepakiwa. Neville alimwambia kwamba rafiki hahami kimyakimya kama mpangaji anayekimbia kodi, akakata simu. Wiki sita hawakuongea. Nilimsihi ampige. Alinijibu kwamba aliyeficha ndiye apige. Unajua wazee walivyo.

Jumatatu ya kwanza ya Februari nilimkuta ameketi sebuleni amevaa koti na tai, kwenye joto lile. Alikuwa amevaa mwenyewe, vifungo vimepishana. Binti wa Alwyn alikuwa amempigia jana yake. Alwyn alipata kiharusi, akalazwa hospitali moja hapo Westmead, akafariki Ijumaa alfajiri. Mazishi yangekuwa ya familia tu. Neville alimuuliza yule binti swali moja: je, aliniita? Binti akasema hapana, baba alikuwa kimya, hakumtaja mtu. Nadhani alisema alichokijua.

Kutoka kwa Neville mpaka Westmead ni dakika kumi na tano. Alinirudia hesabu hiyo kila asubuhi. Dakika kumi na tano, Wekesa. Angeniita ningekwenda hata kwa kutambaa. Hakuniita, alikufa amenikasirikia. Akaacha kula. Nilimpikia supu, nikampikia uji, nikamtengenezea hata mayai anavyopenda, akawa anakoroga tu. Katika wiki tatu alipungua kilo tano. Daktari alimwongezea dawa. Mpwa wake alikuja, akalia, akarudi Newcastle. Mimi nilikuwa namwogesha nikihesabu mbavu, na kila mbavu nilijua ni kazi yangu.

Nitakueleza kwa nini. Alwyn alimwita.

Ilikuwa Alhamisi, siku moja kabla hajafa, saa sita kasorobo mchana. Neville alikuwa amesinzia kitini baada ya kuoga. Simu ya mezani ikalia, nikaipokea. Alikuwa nesi kutoka hospitalini. Lafudhi yake niliijua mara moja, na baada ya sentensi mbili tukahamia Kiswahili. Anaitwa Wanjugu, mtu wa Nyeri, na tukagundua tunasali ibada moja. Aliniambia Alwyn amepooza upande mmoja na madaktari hawampi zaidi ya siku mbili. Binti yake alikuwa ametoka kwenda kubadilisha nguo, na mzee akatumia nafasi hiyo kuomba apigiwe mtu. Namba aliitaja mwenyewe, bila kukosea hata tarakimu moja. Ujumbe ulikuwa huu: mwambie Neville aje, ugomvi wetu haujaisha, na aje na sauti yake. Wanjugu akasema hilo la sauti halielewi, labda mzee anaweweseka, ila ameling'ang'ania.

Mimi nililielewa. Jiji hili lina watu milioni tano, Gitonga, na simu ile ilipokelewa na mtu ambaye hakuhitaji kuelezwa. Gari langu lilikuwa nje.

Nilimtazama Neville alivyolala, mdomo wazi, mkono kifuani juu ya moyo ule mbovu. Nikajiambia kwamba mtu haambiwi habari kama hii akiwa peke yake. Ndivyo tulivyolelewa, wewe na mimi. Unawatafuta watu wake kwanza. Unahakikisha ameshiba. Unamgawia kidogo kidogo, leo anaumwa, kesho amezidiwa, na neno lenyewe linasemwa nyumba ikiwa imejaa. Mpwa wake alikuwa aje Jumamosi. Nikampigia, hakupokea, nikamwachia ujumbe kwamba kuna jambo la familia tutaongea akifika. Wanjugu nilimwambia tunajipanga. Kisha nikaenda jikoni nikampikia mzee supu. Alipoamka aliniuliza nani alipiga simu. Nikamwambia ni watu wa matangazo.

Alwyn hakungoja Jumamosi. Na Jumamosi yenyewe mpwa hakuja, mtoto wake alishikwa na homa. Kwenye ripoti yangu ya Alhamisi ile niliandika kwamba mteja ameoga, amekunywa supu, hakuna jipya. Kampuni yetu ina sheria kwamba ujumbe wowote wa mteja afikishiwe saa hiyo hiyo na uandikwe. Anayeuzuia anaweza kufukuzwa, na kwa kuwa viza yangu imeshikwa na kampuni hiyo, kufukuzwa ni kurudishwa. Kwa hiyo wiki ile ya kwanza nilinyamaza kwa huruma, na wiki mbili zilizofuata nilinyamaza kwa woga. Sitaki kuzichanganya mbele yako.

Nilimweleza Moïse. Aliniambia sikukosea, kwao pia mgonjwa wa moyo hapewi msiba hivi hivi. Ulimhurumia, frère, ndugu yangu, akasema, kosa ni wapi hapo? Nilitaka sana kumwamini. Lakini Jumapili iliyofuata nilikutana na Wanjugu kwenye ibada yetu ya Wakenya, na jambo la kwanza aliloniuliza ni kwa nini mzee wangu hakuja. Nikaanza kumweleza habari za moyo na presha. Akaniacha nimalize. Halafu akasema, wacha hizo, Wekesa, nilikuwa naye mpaka zamu yangu ikaisha, na kila mlango ulipofunguliwa aligeuza jicho. Lile moja lililobaki.

Nilitoka nikaenda kukaa kwenye gari mpaka watu wakamaliza kunywa chai.

Sasa sikia ilivyoisha. Jumanne moja mwishoni mwa Februari nilimkuta Neville amerundika mezani vitabu vyake na madaftari ya kufundishia. Sijui magoti yale yalimfikishaje kwenye rafu ya chini. Aliniambia nivitie vyote kwenye pipa la kifuniko cha njano, lile la karatasi, kwa kuwa lori linapita asubuhi hiyo. Akasema amefundisha uongo. Miaka arobaini amesimama mbele ya vijana na kuwaambia kwamba kuna urafiki unaoshinda damu, na zamu yake ilipofika, rafiki alikufa dakika kumi na tano kutoka mlangoni kwake asimkumbuke. Nilibeba boksi la kwanza. Nikafungua pipa. Nikasikia lori linanguruma mtaa wa pili, na mikono yangu ikakataa, Gitonga. Nilisimama pale na boksi kifuani kama mjinga. Kisha nikarudi ndani, nikalitua, nikapiga magoti mbele ya kiti chake, nikamwambia yote. Sikumficha hata watu wa matangazo.

Hakunipigia kelele. Ningependa angenipigia. Aliniuliza ilikuwa saa ngapi, nikamwambia. Alifumba macho kitambo, najua alikuwa anapiga hesabu yake ile ya dakika. Kisha akataka maneno yenyewe. Nikamwambia kwa Kiingereza, akatikisa kichwa, akasema hayo ni maneno yangu, yeye anataka ya Alwyn. Nikamweleza kwamba mimi niliyapata kwa Kiswahili. Akaniambia niyaseme kwa Kiswahili basi, jinsi yalivyofika. Nikayasema. Aliyasikiliza ameegemeza sikio, mzee asiyejua hata neno la Kiswahili isipokuwa chai. Halafu akaniambia nimpigie aliyeyasikia kwa masikio yake.

Kwa bahati Wanjugu hakuwa zamu. Nikaweka simu mezani wote tusikie. Neville alimhoji kama wakili. Alisema nini kwanza? Alitumia neno lipi? Alirudia mara ngapi? Mwisho akamuuliza kama Alwyn alikuwa amekasirika aliposema lile la ugomvi. Wanjugu akajibu kwamba hapana, alikuwa anacheka, kwa upande ule wa uso ulioweza kucheka. Neville akatoa kicheko kimoja kikavu, na kile kicheko kikageuka. Alilia mdomo wazi, bila kujifunika, na Wanjugu kule upande wa pili naye akaanza, na mimi nilikuwa bado nimepiga magoti sakafuni kwa sababu sikujua kama ninaruhusiwa kusimama.

Aliponyamaza alinishukuru kwa kumwambia. Kisha akasema hataki kuniona tena nyumbani kwake. Alisema taratibu tu, kama anayeniagiza maziwa. Akasema anaamini kabisa nilifanya kwa huruma, lakini yeye ni mtu mzima, ameishi miaka themanini na nne, na mimi nilimfanya mtoto asiyeweza kubeba kilicho chake. Angekufa njiani kwenda Westmead, akasema, angekufa akiwa safarini kwenda kwa Alwyn. Akaniomba kabla sijaondoka nirudishe vitabu rafuni, kila kimoja mahali pake. Ilinichukua saa nzima. Yeye alikuwa akinionyesha kwa fimbo, hiki huku, kile kule.

Kampuni nimewaandikia mwenyewe, ukweli mtupu. Waliniita ofisini, wakanipa onyo la maandishi, wakanihamisha kwa wateja wa upande wa Fairfield. Hawakunifukuza. Nasikia Neville alipoulizwa aliwaambia mimi ni mfanyakazi mzuri na hataki kuongeza lolote. Siku hizi anahudumiwa na dada mmoja Mkongo, Déborah. Yeye ndiye aliyeniambia kwamba mzee amerudi kula. Sijathubutu kumuuliza kama huwa ananitaja. Namkosa kuliko nilivyotarajia kumkosa mtu ambaye si wa kwetu. Kumwomba msamaha mara ya pili naona ni kumsumbua.

Sasa nije kwako.

Baba yangu alipofariki miaka minne iliyopita, mipaka ikiwa imefungwa kwa sababu ya korona, wewe ndiye uliyesimamia kila kitu, na hilo sitalisahau. Ulimpigia Ronnie, Mkenya mwenzangu huku, ukamwambia asinidokezee. Mkasubiri siku nne mpaka mchungaji apatikane na Wakenya wenzangu wakusanyike kwangu, kila mmoja na sufuria yake. Nilipofungua mlango na kuwaona wote wamesimama nilijua, kabla hujasema neno kwenye simu. Mikono kumi ilinishika. Nilikushukuru siku ile, na nimekushukuru kila mwaka tangu hapo, na shukrani ile ni ya kweli. Lakini kuna kitu sijawahi kukuambia. Katika zile siku nne nilikuwa kazini nacheka na watu. Siku ya pili nilimtumia baba ujumbe wa sauti kumtania kuhusu ng'ombe wake, nikashangaa mbona hausikilizi. Na baada ya mazishi wewe mwenyewe ulinieleza, ukidhani unanifariji, kwamba alipozidiwa aliniulizia tangu asubuhi hadi jioni, mkaona msinisumbue nikiwa mbali na peke yangu. Gitonga, simu ilikuwepo. Ningeishika sikioni. Ningemwita tu, baba, baba, hata kama asingejibu. Nimekukasirikia miaka minne na sijui nikuambie vipi ila hivi. Na ukitaka kujua nilijifunzia wapi kumfanyia Neville vile, ni hapo hapo. Nilimpa nilichopewa, nikidhani ni kizuri kwa sababu nilipewa na wewe.

Usichane bado, nimebakiza neno moja.

Shirleen ameniambia. Usimgombeze, nilimbana mimi, baada ya kuona picha ya sherehe ya mtoto na jinsi shati lilivyokuning'inia. Najua kwamba tangu Novemba unakwenda Eldoret kila Jumatatu na kila Alhamisi kwenye mashine ya figo. Najua umewakataza wote wasiniambie mpaka nimalize mitihani yangu ya uuguzi. Najua kwamba mara mbili tulipokuwa tunataniana kuhusu kangaruu ulikuwa umelala umechomekwa mipira mkononi. Nimeomba likizo, wamenipa. Natua Eldoret tarehe ishirini na sita. Mitihani itakuwepo mwaka ujao.

Lakini usinisubiri nitue. Ukimaliza kusoma ukurasa huu, nipigie. Usiniambie uko fiti. Niambie daktari amesema nini na wewe unaogopa nini. Usimpigie Ronnie kwanza, usitafute mchungaji, usiulize kama nimekula. Nikiwa barabarani nitasimamisha gari pembeni nikusikilize. Nikiwa peke yangu, niache niwe peke yangu na wewe.

Msalimie mama yako tena, na Shirleen, na watoto kila mmoja kwa jina lake. Moïse anakusalimu na anakuombea, kwa sauti ile ile. Mungu awalinde mpaka tuonane.

Ni mimi rafiki yako, mwenye hasira na mwenye kukupenda,

Wekesa